Twalha Anafunga Maji

Mashine ya Twalha ilikuwa na tabia ya kuzima mahali pabaya. Haikuzima mwanzoni, mtu akaghairi mapema akaenda zake kunywa chai. Wala haikuzima mwishoni, akapata walau cha kuokoa. Ilingoja mpaka sherehe anayoiunga kwenye video ifike kwenye utamu wake, mwali ametolewa nje, mashangazi wamejifunga vibwebwe, ngoma imekolea, ndipo feni zilipopandisha sauti, zikalia kwa hasira, halafu kimya. Kioo kikawa cheusi. Ndani ya kioo hicho cheusi Twalha alijiona mwenyewe, kifua wazi, taulo begani, mtu mzima aliyekwama.

Kazi yake ni video. Hupiga harusi, mahafali, na sherehe za wali, mabinti wanaotoka unyagoni. Ya ndani ya unyago hayapigi, na akitokea mtu wa kuulizia humfukuza kwa maneno makali. Yeye hungoja nje na kamera mpaka mabinti watolewe wamepakwa mafuta, wamevishwa vipya, macho chini. Kisha huzirudisha picha nyumbani kwake Nachingwea, akazikata, akaziunga, akatia nyimbo na majina ya wazazi, na mwisho akaiachia kompyuta izigeuze zote kuwa kitu kimoja. Hatua hiyo ya mwisho yeye huiita kupika. Sherehe kubwa hupikwa toka asubuhi mpaka jua la utosi, na saa zote hizo prosesa, ambayo ndiyo inayofikiri kwa niaba ya mashine nzima, hupata joto la kukaangia samaki.

Nyumba yenyewe ni vyumba viwili chini ya bati lisilo na dari. Chumba cha mbele hupokea wateja na wageni. Chumba cha nyuma kina kitanda upande mmoja, na upande wa pili kuna meza, vioo viwili, na chini ya meza lile kasha jeusi la kompyuta aliloagiza vifaa vyake Dar es Salaam kimoja kimoja, kwa miaka, kama mtu anayejenga. Mwezi wa kwanza, mvua ikikatika na jua likitoka, chumba kile hugeuka tanuri, na mashine huchemsha kama lori la korosho kwenye mlima. Hakuna neno jingine la kulisema jambo hilo. Inachemsha.

Zamani ikizima, kitandani kulikuwa na mtu wa kucheka. Hajira, mkewe, angejinyoosha, akamwambia, "Haya, mwenzio kachoka, na wewe pumzika." Naye Twalha angekasirika kidogo, kisha angecheka, kisha kiberiti kingewashwa na chai ingeinjikwa. Sasa mashine ilizima, na kilichobaki kilikuwa sauti ya bati likitanuka kwa joto, na kanga ya Hajira ya buluu iliyosahauliwa nyuma ya mlango. Twalha alikuwa hajaiondoa. Ukimuuliza angesema hana muda.

Hajira alikuwa ameondoka msimu wa korosho. Mama yake, Bi Mwantumu, anaishi Nkowe, upande wa Ruangwa, ana mikorosho aliyorithi kwa mama yake na mguu usiomruhusu tena kuinama kuokota. Kwa hiyo Hajira alimbeba mtoto wao Amna, wakati huo ndiyo kwanza ameanza kusema maneno yanayoeleweka, akaenda kumwokotea mama. Hilo lilikuwa jambo la kawaida, kila mwaka alikwenda. Kisichokuwa cha kawaida ni kwamba korosho ziliisha, zikaanikwa, zikapelekwa ghalani, na Hajira hakurudi. Ikaja kazi ya kupanda ufuta. Ikaja palizi. Twalha akipiga simu kuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Tutaona, Baba Amna."

Hakukuwa na ugomvi, na hapo ndipo palipomtesa. Mtu aliyegombana na mkewe anajua pa kuanzia. Twalha hakuwa na pa kuanzia, kwa hiyo alirudi nyuma kichwani, siku baada ya siku, akitafuta neno. Na alilipata. Jioni moja, kabla ya safari ile, Hajira aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda akishika paji la uso, akasema, "Baba Amna, hiyo feni yako inanitoboa kichwa." Alisema hivyo tu, akalala. Twalha aliliokota neno lile akalishikilia. Basi ni feni. Mwanamke kakimbia kelele. Alipofikia hapo alipata nafuu ya ajabu, maana feni ni kitu ambacho mtu anaweza kukitengeneza.

Aliifungua mashine siku hiyo hiyo. Alipotoa bati la kupozea alikuta vumbi limegandamana kwenye mbavu zake nyembamba, na ndani ya vumbi uzi mrefu wa buluu, wa ile kanga. Uzi ule ulikuwa umevutwa na feni toka mlangoni, ukapita chini ya meza, ukajizungusha humo ndani muda wote huo. Twalha alipuliza vumbi likatoka. Uzi aliuchomoa polepole, akauzungusha kwenye kidole, akakaa nao sana kuliko inavyompasa mtu mwenye wateja wanaomngoja. Alimkumbuka Hajira kwa mwili mzima. Kisha akairudishia mashine vifaa vyake, akaiwasha, feni zikalia pungufu kidogo tu.

Rafiki yake Tadeo ana kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu Ruangwa mjini. Ni mtu wa maneno mengi na vidole vyepesi, na toka mji ule uanze kuchangamka amepata wateja wa kila namna, wakiwemo vijana wa magemu. Tadeo ndiye aliyempigia.

"Kaka, achana na feni, huo ni ushamba," alisema. "Nimepata mfumo wa maji. Kijana mmoja wa Dar kauza, umetumika kidogo tu. Unafunga kwenye prosesa yako, joto linabebwa na maji, linapelekwa kwenye rejeta, linapoa, maji yanarudi. Kama gari vile. Njoo usikilize."

"Nisikilize nini?"

"Ndiyo hivyo. Njoo usikilize."

Twalha alipanda Noah ya abiria ya Ruangwa asubuhi na mapema. Kwenye kibanda cha Tadeo kulikuwa na kasha lenye ubavu wa kioo, na ndani yake mirija miwili myeusi iliyopinda vizuri kuanzia kwenye prosesa mpaka kwenye rejeta nyembamba iliyobanwa juu. Tadeo aliiwasha. Akaipa kazi nzito, video juu ya video. Twalha aliinama, akasogeza sikio mpaka likagusa bati. Palikuwa na mnong'ono tu, kama mtu anapumua akiwa amelala.

Pumzi ile ndiyo iliyommaliza. Tadeo aliendelea kueleza nyuzi joto na ubora wa pampu, lakini mwenzake hakuwepo tena. Alikuwa chumbani kwake Nachingwea, taa imefifishwa, sherehe ya watu inapikwa chini ya meza bila kusumbua mtu, na upande wa pili wa chumba Hajira amelala kifudifudi kama kawaida yake, mkono mmoja umening'inia nje ya kitanda, Amna amejibanza ubavuni. Alizisikia pumzi za wote wawili. Machozi yalimlenga, akajifanya anatazama mirija kwa karibu zaidi.

"Na ukipasuka mrija?" aliuliza, kwa sababu lazima mtu aulize kitu.

"Haupasuki."

"Tadeo. Maji na umeme, kaka."

"Ndiyo maana unafungiwa na fundi."

Twalha akasema atafikiri. Akatoka akapita stendi ya bodaboda, na kijana mmoja alipomwona anatazama barabara akamwita, "Nkowe, bosi? Twende tukuwahishe." Twalha alisimama. Kutoka pale Nkowe si mbali, angefika kabla jua halijawa kali. Hajira saa hiyo angekuwa shambani, kanga kiunoni, Amna amekalishwa kivulini na kikombe cha uji. Miguu yake ilitaka kupanda. Lakini aende kusema nini? Huku kwetu, kwa desturi ya tangu zamani, mwanamume ndiye aliyehamia ukweni, akajenga huko, akalima huko, mama mkwe akimtazama anavyoshika jembe. Twalha aliivunja desturi hiyo, akamtoa binti kwao akamleta mjini, na Bi Mwantumu aliridhia kwa sharti moja tu: "Umemchukua, basi umtunze." Sasa aende na mikono mitupu, aseme mama, nimekuja kuomba tena? Alimwambia yule kijana si leo. Akarudi Nachingwea amekaa kwenye kiti cha nyuma, amegeuza uso dirishani.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa mizani. Asubuhi aliamua kufunga, mchana aliamua kuacha. Alijiona ameamka, chini ya meza kuna dimbwi, na video za watu zimekwenda na maji. Kisha alijiona yuko na ile feni miaka mingine kumi, peke yake, anazeeka kando yake. Hela aliyokuwa ameweka ilitosha jambo moja, hilo alilijua, na alijua ikitoka imetoka. Wateja walimpigia kutoka Lionja na kwingineko wakiuliza sherehe zao ziko wapi. Akawaambia ziko jikoni, akatania, wakacheka kidogo tu.

Mwisho aliamua kama wanavyoamua watu wenye kiu ya mtu: hakupima tena. Alimwambia Tadeo alete. Kisha akampigia Hajira. Mazungumzo yale nitayaweka kama yalivyokuwa, kwa sababu kila mmoja wao baadaye alimlaumu mwenzake kwa neno ambalo wote wawili walilisema.

"Mama Amna, nimeamua. Nafunga maji."

"Unafunga maji?"

"Mfumo mzima. Humo humo ndani."

"Ndani kabisa? Si uani?"

"Uani kuna nini? Ndani, chumbani."

"Chumbani, Baba Amna?" Sauti ya Hajira ilipungua ikawa ya mtu anayesema mbele ya kitu cha heshima. "Mbona hata wenye nyumba zao za maana sijaona. Na yatapandaje?"

"Kuna pampu yake ndogo. Haina kelele, husikii hata kama inafanya kazi."

"Nani anakufungia?"

"Tadeo."

"Tadeo huyu wa kompyuta? Siku hizi anafunga na maji?"

"Ndiyo kazi inayomlipa sasa."

Twalha akahamisha simu sikio la pili. Kisha akasikia Hajira anavuta pumzi puani, kama mtu aliyelia au anayekaribia kulia.

"Nilidhani hukunisikia," alisema.

"Nilikusikia siku nyingi," alisema Twalha, na aliamini kabisa anasema kweli. "Hutapata shida tena, mke wangu."

"Jumamosi nakuja."

Msomaji ambaye amewahi kuishi kwenye nyumba isiyo na bomba ameshaelewa yote. Twalha hakuelewa. Yeye alikuwa na kamera, kompyuta na vioo viwili, lakini maji ya kuoga alikuwa anayakuta tu, yamejaa kwenye pipa nyuma ya mlango wa uani. Na toka Hajira aondoke alikuwa ananunua kwa kijana wa baiskeli mwenye madumu, na hata hapo hakujiuliza zamani pipa lile lilikuwa linajaaje.

Jumamosi alifagia. Alitandika shuka la maua. Tadeo alikuwa ameshaleta mfumo, akaupanga kitandani juu ya gazeti, rejeta, pampu, mirija, chupa ya maji yake maalumu ya buluu, akasema atarudi kesho kuufunga kwa utulivu. Twalha hakuugusa. Alitaka Hajira auone kwanza, aone mumewe amefika wapi kwa ajili yake.

Alipomwona anashuka kwenye gari alisahau hata kumpokea mzigo. Hajira alikuwa amesuka. Nywele zilikuwa zimepandishwa zote juu, zikasimama katikati ya kichwa kwa mistari myembamba iliyonyooka, shingo wazi, hereni ndogo zikicheza. Twalha alikuwa hajawahi kumwona na mtindo ule. Siku zote Hajira alisuka za kulala, mistari inayolala chapa kwenye kichwa, na yeye alidhani ndizo anazozipenda. Amna alimkimbilia miguuni. Mkononi Hajira alishika jogoo aliyefungwa miguu.

"Mama kakuletea," alisema, na alikuwa anacheka kwa aibu kama bibi harusi. "Kasema mkwe anayemwingizia mkewe maji ndani, yeye hana neno naye tena. Na ndoo zangu zote nilizokwenda nazo nimemwachia yeye, za nini tena huku."

Twalha alimpokea jogoo. Lile neno la ndoo lilimpita sikioni, kwa maana alikuwa anatazama shingo.

Nyumbani, Hajira hakukaa. Alivua viatu, akapita chumba cha mbele, akatoka moja kwa moja mpaka uani. Twalha alimsikia anatembea huko nyuma. Akazunguka nyumba upande huu, akatokea upande ule, akitazama chini ya ukuta. Kisha akarudi akasimama mlangoni.

"Baba Amna, mtaro umepita wapi? Mbona sioni walikochimba?"

"Mtaro wa nini?"

"Wa bomba."

Jogoo alikuwa bado mkononi mwake. Hapo ndipo maneno yote ya simu yalipomrudia moja moja, chumbani, pampu, yatapandaje, na akayasikia kwa sikio la mkewe. Hajira alipita, akaingia chumbani, akauona mfumo umelala juu ya gazeti, pale upande wake wa kitanda. Aliinua mrija mmoja akautazama. Ulikuwa na unene wa kidole chake.

"Ni ya mashine," alisema.

"Ili isipige kelele. Wewe si ulisema, Mama Amna? Ulisema feni inakutoboa kichwa."

Hajira aliuweka mrija chini taratibu, akaketi pale pale alipoketi jioni ile ya zamani.

"Nilisema," alijibu. "Siku hiyo nilikuwa nimetoka bombani. Foleni toka alfajiri, maji yakakatika, tukangoja mpaka jioni yakarudi. Nimepanda na ndoo, nikashuka, nikapanda tena na ndoo. Kichwa kinauma, mwanaume. Nikaingia humu feni inalia. Ningekuta jogoo anawika ningesema jogoo. Feni ina kosa gani? Amna kazaliwa na feni hiyo, kule kwa mama siku za kwanza alikuwa halali mpaka nimvumishie mdomoni." Akalitazama kasha chini ya meza. "Miaka yote hii nasema nimechoka na maji. Kumbe katika yote niliyoyasema ulichukua lile la mashine yako."

Twalha alitoka kumfunga jogoo uani.

Jioni pipa lilikuwa tupu, kijana wa baiskeli hakutokea. Hajira aliazima ndoo kwa jirani wa ushanga, msusi wa mtaa. Akaketi kwenye kigoda uani, akaweka ndoo ile kando, akaanza kufumua nywele. Twalha aliyekuwa anamtazama toka mlangoni alielewa mwishowe kwa nini miaka yote alisuka za kulala. Mtindo wa kusimama hauchukuliani na ndoo. Mwanamke anayepandisha nywele zake vile ni mwanamke anayejua hatabeba kitu kichwani, na Hajira alikaa siku nzima Nkowe, kichwa magotini mwa msusi, akiwa anajua hivyo.

"Usifumue," alisema.

"Nitaweka wapi ndoo?"

"Niachie. Nitakwenda mimi."

Alikwenda, akapanga foleni na akina mama waliomtania mpaka masikio yakawaka, akarudi ameloa bega moja, ndoo nusu. Lakini alipofika upande mmoja wa kichwa ulikuwa umeshafumuliwa, nywele zimesimama ovyo, na Hajira alikuwa anaendelea na wa pili kwa kituo, bila hasira. Hasira angeiweza. Usiku walilala watatu kitandani, mfumo umehamishiwa sakafuni. Alikuwa naye mkono kwa mkono, na hamu haikupungua hata kidogo, iliongezeka.

Jumatatu Hajira alifunga mzigo. Jogoo alimwacha. "Umle," alisema. "Mama hapokei kitu alichokwisha kutoa." Stendi, mtoto begani, alimgeukia. "Mimi sikukuacha, Baba Amna, usiende kuwaambia watu nimekuacha. Lakini maneno yako siyajui tena. Siku ukifunga maji usinielezee. Fungua, uniwekee simu, niyasikie."

Tadeo aliuchukua mfumo wake akinung'unika, akamrudishia rafiki yake hela. Twalha hakuwa na muda wa kumbembeleza. Aliihamishia mashine chumba cha mbele, dirishani, akaitoa ubavu ipate upepo, akaanza kupika video kabla jua halijachomoza, akalala mchana inapochemka nchi. Ilizima mara chache, ikizima aliisubiri. Kisha akaenda ofisi ya maji akaandikisha, akachimba mtaro kwa jembe lake mwenyewe toka barabarani mpaka ukutani, katika udongo ulioloa mvua, na mikono yake iliyozoea vitufe ikatoka malengelenge. Kila alipopumzika alimwona Hajira anazunguka nyumba akitazama chini ya ukuta. Wateja wa Lionja walingoja sherehe zao. Naye alingoja yake.

Siku fundi alipokuja kuunganisha, alimaliza kabla ya adhuhuri, akakusanya vifaa, akasema, "Yakija utaona mwenyewe," akaondoka. Bomba lilitokeza ndani, pembeni ya mlango wa uani, jipya, linang'aa. Twalha hakungoja hata jasho likauke. Alipiga simu.

"Mama Amna. Nakuwekea. Sikiliza."

Akaiweka simu chini ya bomba, akafungua. Bomba lilikohoa. Likatoa upepo, likakohoa tena, likanyamaza. Twalha alizungusha mpaka mwisho. Hakuna. Karibu na goti lake lilikuwepo dumu alilonunua jana, limejaa mpaka shingoni, na beseni la bati liko pale pale. Alilitazama dumu. Kumimina kungechukua muda wa kupepesa jicho, na kule Nkowe sauti ingefika ni sauti ya maji tu, na keshokutwa mtu angekuwa amelala kitandani pake. Mkono ulikwenda ukashika kishikio. Ukakaa pale. Kisha akauondoa, akaichukua simu.

"Hayatoki," alisema. "Bomba liko hapa, nimelishika, ila hayatoki. Sijui kwa nini."

"Leo siku gani?" Hajira aliuliza.

"Jumatano."

"Mtaa wetu Jumatano haupati. Yanakwenda upande wa soko."

"Sikujua."

"Najua hukujua."

Twalha alisikia kuku wa Bi Mwantumu, na mbali kidogo Amna akiimba wimbo usio na maneno.

"Baba Amna, hapo ulipo hakuna dumu?"

"Lipo."

"Lina maji?"

"Limejaa."

Twalha akaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Basi," Hajira alisema, "mwambie yule jirani wa ushanga asitoke kesho, nakuja anisuke za kusimama."